KONA YA ELIMU: Chuo cha Jamii Siyo Chuo cha Walioshindwa



Mwezi huu tunawaandikia hasa nyinyi wenye watoto waliokwisha kuhamia Marekani. Mtoto anapiga simu, anasema ameanza "komyuniti koleji". Majirani wakisikia wanasema hicho siyo chuo kikuu, mtoto amepotea. Basi mzazi anaanza kugomba. Ngojeni kwanza!

Chuo cha jamii ni chuo cha umma kilicho karibu na watu. Cha kwanza kilianza mwaka 1901 mjini Joliet, jimbo la Illinois. Vyuo hivi hupokea karibu kila aliyemaliza sekondari, na ada yake ni nafuu. Zamani mtu alisoma hapo miaka 2 tu, akitaka shahada anahamia chuo kikuu. Wengi waliishia njiani, maana chuo kikuu kiko mbali, ni ghali, na wao wana kazi na familia.

Sasa mambo yamebadilika. Mwaka 2001 jimbo la Florida liliruhusu chuo cha St. Petersburg kutoa shahada ya miaka 4, kwa mfano ya uuguzi na ualimu. Leo majimbo zaidi ya 20 yanaruhusu. Arizona ilipitisha sheria yake mwaka 2021. Kule California, mkazi wa jimbo hulipa ada ya kama dola 10,500 kwa shahada nzima, mbali na vitabu na chakula.

Lakini siyo kila chuo, wala siyo kila kozi. Kwa hiyo badala ya kugomba, muulizeni mtoto haya matatu:

1. Je, chuo chako kina ithibati?
2. Kozi yako inafika shahada hapo hapo, au itabidi uhame?
3. Ukihama, chuo kikuu kitapokea masomo uliyokwisha kusoma?

Pia tafuteni vyeti vyake vya shule vilivyobaki hapa, mvitunze, vikihitajika mumpelekee nakala.

Wazazi, kijana akigombezwa kila siku ataacha masomo, aende zamu ya usiku kiwandani, na kurudi darasani ni kazi ngumu. Yuko mbali na nyumbani, anasoma kwa lugha ya watu. Simu yenu iwe ya kumtia moyo.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuonane mwezi ujao.