Usonji: Usinunue Ahadi, Uliza Maswali

Dada zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, usonji si laana wala ugonjwa wa kuponywa kwa dawa. Kituo kinachoahidi kumponya mwanao kwa miezi 3, kiache. Kituo kizuri humchunguza mtoto kwanza, kisha huweka malengo madogo: kuomba maji, kuvaa shati, kungoja zamu. Uliza: Akilia sana mnamtulizaje? Na mimi mtanifundisha? Uchunguzi waweza kukufikisha Bugando, Mwanza, lakini mazoezi ya kila siku yawe karibu na nyumbani. Safari ndefu humchosha kabla ya somo. Shule ya jirani isimkatae: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma. Omba, kisha nenda ukakague. Mtoto ni amana.