Maji Yapitayo Bure

Ndugu wasomaji, imekuwa desturi yetu kusema, "Mvua ni ya Mungu," kisha tukakunja mikono. Neno hilo ni kweli, walakini kulifanya kisingizio cha uvivu ni dhambi. Mungu hutupa masika tangu Machi hata Mei, na vuli tangu Oktoba hata Desemba. Katika Unguja mvua hiyo si haba, ila nyingi hukimbilia baharini. Na ikikatika mapema, mpunga hukauka kabla ya kukomaa. Kisha twaenda Darajani, mjini, kununua mchele uliotoka ng'ambo. Je, hiyo ni akili?

Wako wasemao ya kuwa fedha itumiwayo kwa maji ya wakulima wadogo ni fedha iliyotupwa. Twawauliza: mbona hawasemi hivyo juu ya maji ya mji? Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta maji ya chemchemi mpaka mjini, naye husifiwa hata leo. Basi maji ya mji ni hekima, na maji ya shamba ni upotevu? Na huo mji hula nini?

Baada ya Mapinduzi ya 1964, jamaa nyingi zilipewa eka tatu tatu. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini ardhi pasipo maji ni nusu ya ahadi. Bonde litegemealo mvua huvunwa mara moja kwa mwaka, na lenye maji ya hakika laweza kuvunwa mara mbili.

Serikali ya Zanzibar imekopa fedha Korea ya Kusini ili kutengeneza mifereji katika mabonde ya mpunga, kama Cheju, Kibokwa, Chaani na Kinyasini. Vema. Lakini mkopo ni deni, na watoto wetu ndio watakaolilipa. Kwa hiyo, mfereji ukiachwa ujae matope na majani, tumekula mali ya watoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nasi tusidhani ya kuwa pampu peke yake itatuokoa. Visima vya karibu na pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia chini ya ardhi, na kisima kilichoharibika hivyo hakiponi upesi. Hatuna budi kuyazuia maji ya masika kwa mabwawa madogo na kingo imara za majaruba. Tena wenye mashamba ya juu wasiyazuie maji ya wenzao wa chini, na hesabu ya ada ya maji isomwe mbele ya watu wote.

Isaka alivikuta visima vya baba yake vimefukiwa na Wafilisti, akavichimba tena. Sisi hatuna Wafilisti. Mifereji yetu twaifukia wenyewe kwa kutoijali. Basi, ndugu, tushike majembe kabla ya masika.