Thabeet hakuingia NBA kwa urefu tu

Wadau, kila ukifika mwezi wa sita, NBA wakikaribia kuchagua wachezaji wapya, mitandao ya Marekani inatoa zile orodha zake za waliotia hasara, na jina la Hasheem Thabeet halikosekani. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua namba 2, nyuma ya Blake Griffin. James Harden akaenda namba 3, Stephen Curry namba 7. Basi juzi hapa kafe Dodoma kuna dogo kaifungua orodha hiyo, kaniuliza huku anacheka: "Bro, huyu Mbongo wetu si aliingia kwa urefu tu?"

Nikamwambia sikubali.

Mimi nilikuwa senta wa timu ya shule, najua ugonjwa wa watu warefu. Kila mpira unaopita juu unauona ni wako. Unauruka wote! Siku moja nilimaliza faulo zangu tano hata robo ya tatu haijaisha, nikakaa pembeni kula vumbi na upepo wetu huu, wenzangu wanapigwa.

Thabeet, sentimita 221, alianza kikapu akiwa na miaka 15, amechelewa sana. Tarehe 31 Januari 2009, akiwa UConn, aliwafanyia Providence pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Wiki mbili baadaye, siku anatimiza miaka 22, akakutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Jamaa ni mfupi kwake kwa kama sentimita 20, lakini ana mwili. Akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23, na kuna mahali alimbwaga Thabeet chini kupitia begani.

NBA kule kina Blair wamejaa kila timu. Februari 2010 Memphis wakampeleka ligi ya chini, Dakota Wizards. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko kabla. Akapita Houston na Portland, msimu wa 2011/12 mechi 20 tu.

Sasa msimu uliofuata, Oklahoma City, ndio watu hawautazami. Mechi 66 kati ya 82. Wastani wa dakika 12, pointi 2.4, ribaundi 3. Namba za kuchekesha, eeh? Lakini kufunga kulikuwa na kina Durant na Westbrook. Senta wa akiba anaingia kuweka vizuizi, kusimama chini ya kikapu mikono juu na kutorukia kila kitu. NBA faulo ni sita, ila ukila tatu ndani ya dakika nne kocha hakuiti tena. Huyu aliitwa mara 66. Mtoto wa 2010 asingeitwa.

Ukweli tuuseme pia, namba 2 ni namba 2, Memphis walitegemea zaidi ya hapo, na 2014 NBA yake iliisha.

Lakini 2019, ana miaka 32, alikubali kuvaa jezi ya Fort Wayne Mad Ants, kwenye ligi ileile ya chini iliyokuwa aibu yake ya 2010. Baadaye akaenda kucheza Taiwan.

Dogo hakunijibu. Muda wake kwenye kompyuta ulikuwa umeisha.