Daftari la Wiki: Mzigo wa Mhamiaji na Kodi ya Miezi Sita

Msimu wa kusi, yaani upepo utokao kusini na kutawala pwani ya Afrika Mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, ni msimu wa watu kuhamia visiwani pia, kwa kuwa hoteli nyingi za Unguja huajiri upya mara masika inapokatika, na watumishi wa umma huanza kupokea barua za uhamisho mwaka wa fedha unapoanza Julai. Ndiyo maana kwenye gati la boti jijini Dar es Salaam wiki hii imeonekana mizigo ambayo haikuwa na sababu ya kuvuka bahari: makochi yaliyoviringishiwa turubai, kabati lililofunguliwa vipande na kufungwa kamba, na jokofu lililosimamishwa wima juu ya mkokoteni huku mwenyewe amelikumbatia ili lisilale.

Jokofu hilo linasikitisha zaidi kuliko vingine. Watu wa Bara wamezoea kwa miaka mingi kuvuka kwenda Unguja kununua majokofu, televisheni na makochi yaliyotumika, ambayo huletwa kwa makontena kutoka Ulaya na nchi za Ghuba, na ushuru unaotozwa vitu hivyo vinapoingia Bara umekuwa miongoni mwa malalamiko ya kudumu ya Muungano. Anayetoka Bara na jokofu kwenda Unguja analipia nauli ya mzigo, hamali wa kupakia, hamali wa kushusha na gari la kulifikisha katika nyumba ambayo bado hajaipata, ilhali kitu kilekile kinauzwa hatua chache kutoka bandarini.

*

Viatu vya ngozi vikifungiwa chumbani wakati wa masika huota ukungu ndani ya wiki chache, na vitabu hufuata.

*

Ndege ndogo zinazokwenda Mafia, ambazo nyingi hubeba abiria kumi na wachache tu, kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa kila mtu, mkoba wa mkononi ukiwa ndani ya hesabu hiyo, nazo hupendelea begi laini kuliko sanduku gumu kwa sababu mzigo hupangwa katika nafasi nyembamba iliyo chini ya tumbo la ndege. Kipimo hicho kingefaa kufuatwa hata na anayesafiri kwa boti kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, hata pale ambapo hakuna anayempimia begi lake. Vyeti halisi ndani ya mfuko usiopenya maji, dawa za mwezi mzima, chandarua, mashuka, nguo za kazi na jozi mbili za kanga, ambazo hutumika kama shuka, taulo, pazia na stara, haviwezi kufika kilo 15. Ndoo, godoro, mkeka na jiko vinapatikana Kilindoni.

*

Jambo lililolikera daftari hili kuliko yote wiki hii, na si mara ya kwanza kulitaja, ni kodi ya miezi sita. Mgeni anayeshuka Malindi, bandari ya mji wa Zanzibar, akiwa amepata ajira na anatakiwa kazini wiki hiyohiyo, humwendea dalali, yaani mtu wa kati anayewaunganisha wenye nyumba na wapangaji kwa malipo. Mara nyingi dalali humtoza kwanza pesa ya kuonyeshwa nyumba, kisha humpitisha Fuoni, Mwanakwerekwe na Chukwani katika alasiri moja, na nyumba inapopendeza mgeni hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ambayo ni ujira wa dalali mwenyewe. Mtu ambaye mshahara wake wa kwanza haujaingia hulazimika kukopa ili alipie nusu mwaka wa kuishi mahali alipopaona kwa robo saa, tena mchana, jua likiwaka na bomba likitoa maji.

Robo saa haitoshi kuijua nyumba ya kisiwani. Maji ya bomba katika mitaa mingi hutoka kwa zamu, na zamu ya mtaa fulani inaweza kuangukia usiku wa manane, kiasi kwamba asiye na tangi hulazimika kukesha na ndoo. Maji ya visima vilivyo karibu na pwani nayo mara nyingi huwa na chumvi, sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini, na mwenye nyumba anayepaka rangi mpya kabla ya kupangisha hufunika madoa ambayo masika itayarudisha yote. Upande wa mashariki wa kisiwa, Paje na Jambiani, kusi huingia na chumvi inayokula bati, bawaba na nyaya, ilhali katika miezi hiyohiyo chumba kilichozibwa na majengo mjini kinaweza kukosa hata upepo wa kutikisa pazia. Lipo pia suala la saa ambayo daladala ya mwisho hupita, ambalo mfanyakazi wa zamu ya usiku hulijua siku ya kwanza anapolazimika kutembea. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana katika alasiri moja, na karibu vyote huonekana ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo anachohitaji mhamiaji ni makazi ya muda, yaani chumba kinacholipiwa kwa wiki au kwa mwezi, ambamo atakaa huku akiwasikiliza majirani, wenzake kazini na muuza duka wa mtaani kabla ya kujifunga. Vyumba vya namna hiyo vipo kwa wingi, lakini vingi vimechukuliwa na biashara ya utalii na bei zake humlenga mtalii, hivyo kwa mwalimu, muuguzi au mpishi aliyeajiriwa Nungwi kinachobaki ni gesti, kochi la jamaa au, akijaliwa, kitanda katika nyumba ya wafanyakazi wa hoteli.

Linalouma zaidi ni kwamba pwani hii ilishawahi kuwa na utaratibu wa kumpokea mgeni. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi vijana wa mji walivyokuwa wakiipokea kila merikebu kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara huyo alilala kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji akamsimamia katika kuuza na kununua. Aliyekwisha kuuzoea mji na kuwajua watu wake alishukia popote alipotaka, kwa maana kwamba uhuru wa kuchagua nyumba ulikuja baada ya ujuzi wa mji. Utaratibu wa kumweka mgeni uliingia hata katika ujenzi, kwani nyumba kongwe za mawe za Lamu zina daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya kukalia, na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa ili mfanyabiashara anayesubiri upepo kugeuka aweze kukaa humo bila kupita katika sehemu za ndani za wenye nyumba. Baadaye jumuiya za Waislamu wenye asili ya India, hususan Makhoja na Mabohora, zilijenga musafirkhana, yaani nyumba za kuwalaza wasafiri, katika miji ya pwani.

Hoja ya wenye nyumba wa leo lazima isikilizwe, kwa sababu ni ya kweli. Wengi wao hujenga kidogo kidogo bila mkopo wa benki, na kodi ya mkupuo ndiyo inayonunua saruji na bati za chumba kinachofuata. Isitoshe, wapo wapangaji wanaoondoka usiku wakiacha deni. Lakini Mombasa na Lamu kwenyewe mpangaji huweka amana ya mwezi mmoja au miwili, kisha hulipa mwezi kwa mwezi, na nyumba zinaendelea kujengwa. Kisichovumilika ni kumtwisha mgeni asiyejua kitu hatari yote ya makubaliano hayo. Sheria inayompa mpangaji mpya haki ya mwezi mmoja wa majaribio, kwa amana inayoeleweka, isingemfilisi mwenye nyumba yeyote, na mwajiri anayemleta mtu kutoka ng'ambo ya bahari angepaswa kulazimika kumpa chumba kwa mwezi huo.

*

Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya Zanzibar inasimamia nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zilizowekwa wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe aliitoa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala kurithiwa. Ikiwa masharti ya watoaji yanaruhusu, hata nyumba mbili zikitengwa kuwapokea walimu na wauguzi wapya kwa mwezi wao wa kwanza, faida yake itaonekana katika shule na hospitali mwaka huohuo.

*

Anayetaka kuhamia Mji Mkongwe na kochi lake apime kwanza uchochoro, halafu ngazi, halafu chumba, kwani vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, upana wake ukiwa umeamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Atazame na nyufa: Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo kila mtu aliliona imara, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020.

*

Uzito wa mizigo haupaswi kuzungumzwa kama suala la starehe peke yake. MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. MV Nyerere, iliyoidhinishwa kubeba abiria 101, ilipinduka karibu na gati la Ukara, Ukerewe, Septemba 20, 2018, ikaua zaidi ya watu 200, na ndani yake mlikuwa na mizigo ya watu waliotoka gulioni. Kila msimu wa uhamisho unapofika, majina ya vyombo hivi viwili yangepaswa kubandikwa penye mizani ya kila gati.

*

Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme inayotoka Bara, na ingawa waya mpya wa chini ya bahari wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013, taa inayochajiwa kwa jua bado inastahili nafasi yake katika zile kilo 15.

*

Mhamiaji wa Unguja au Pemba aende kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia, ambayo ni ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar, mapema kabla hajamaliza kufungua begi. Zaidi ya kuandikishwa, hakuna dalali anayejua kama sheha nyumba ipi ina mgogoro wa mirathi na ipi imepangishwa kwa watu wawili.

*

Katika mji wa Lamu, ambao magari hayapiti vichochoro vyake, mzigo hubebwa na punda ndani ya shogi, yaani mfuko wa kusuka unaoning'inia pande mbili za mgongo, na shogi likielemea upande mmoja humwumiza mnyama na kumwaga mali. Mabegi mawili madogo yanayolingana uzito ni bora kuliko moja kubwa.