Bonsai ya junipa si pambo la sebuleni, iacheni ilale nje

Kuna staa mmoja wa mitandao anaishi Minneapolis, Marekani, ambako baridi hushuka hadi chini ya -20°C. Kila theluji ikianza anaingiza bonsai yake ya junipa sebuleni, anaposti, laiki kibao. Kufika Machi imekauka, ananunua nyingine. Wafuasi nao wanaiga.

Hayo siyo mapenzi, ni kuua mti taratibu. Junipa lazima ilale msimu wa baridi. Kwenye joto la hita nguvu zinaisha, na inaweza kubaki kijani wiki kadhaa kumbe ishakufa. Cha kulinda ni mizizi: fukia chungu ardhini, theluji iwe blanketi, au iweke kwenye banda la gari lisilo na hita.

Anayetaka mti wa sebuleni achukue fikasi, ndugu wa mkuyu, auweke dirishani. Kiki isigharimu uhai wa mti. Wadau, mnasemaje?