Kura ya Mkulima wa Zeituni

Zeituni mbichi hailiki kwa uchungu wake. Huko Sevilla, kusini mwa Hispania, hulowekwa kwanza katika maji yenye soda kali ya kutengenezea sabuni, ikaoshwa, kisha ikatiwa katika maji ya chumvi kwa miezi kadhaa. Mkulima mdogo hana uwezo wa kujenga matangi hayo peke yake. Akiuza mbichi, bei huipanga mnunuzi. Ndiyo sababu ya ushirika.

Lakini ushirika bila uhuru ni jina tupu. Wakati wa Jenerali Franco, sheria ya mwaka 1942 iliviweka vyama vya ushirika chini ya uangalizi wa dola ya chama kimoja. Franco alifariki mwaka 1975, na Katiba ya 1978, kifungu cha 129, ikaiagiza serikali kukuza ushirika kwa sheria zifaazo. Leo vyama vilivyoungana katika Agro Sevilla huuza zeituni zao ng'ambo.

Mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulithibitisha kanuni ya vyama vya msingi: mwanachama mmoja, kura moja, awe na miti hamsini au elfu tano.

Kanuni hiyo yatuhusu pia. Tulishangilia kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991. Lakini mkulima wa kahawa asiyeonyeshwa hesabu za chama chake bado hajakombolewa. Twawasihi waumini na wanaharakati: daini mkutano mkuu, hesabu zilizokaguliwa na kura ya siri katika kila chama.