Bosi aambiwe lini kwamba mtu anatafuta kazi nyingine?

MUUZAJI wa duka la pembejeo mjini Kasulu au mwendesha mashine ya kusaga Kibondo, akisikia kuna kazi yenye mshahara mzuri zaidi kwingine, hujikuta njia panda. Amwambie bosi mapema, au anyamaze mpaka apate?

Wapo wanaosema muungwana hafichi jambo. Hoja hiyo ina uzito wilayani, ambako bosi huwa ni baba mdogo au jirani. Lakini kutafuta si kupata. Anayetangaza kuwa anatafuta hubaki na kazi ile ile, ila funguo za stoo hupewa mwingine, na mrithi wake huanza kufundishwa mbele ya macho yake. Nafasi mpya ikiota mbawa, amekosa yote. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mtu kutangaza nia yake. Inachodai ni notisi ya maandishi pale anapoamua kuondoka: angalau siku 28 kwa mwajiriwa wa mwezi, siku 4 kwa wa siku au wiki, na siku 7 kwa aliye ndani ya mwezi wa kwanza. Akikataa kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaweza kumkata malipo yake.

Kwa hiyo, atafute kimya kimya, na aombe kule anakoomba wasimpigie bosi wake simu kabla ya kumkubali. Bosi akimuuliza ana kwa ana, asidanganye. Miji hii ni midogo na habari husafiri. Akishapata barua ya ajira mkononi, aseme siku hiyo hiyo.

Mtabila ni mfano mzuri. Kambi hiyo ya wakimbizi wa Burundi wilayani Kasulu ilifungwa mwishoni mwa 2012, na ajira zilizoitegemea zikaisha, pamoja na wateja wa wafanyabiashara wa vijiji vya jirani. Lakini kufungwa kwake kulitangazwa mapema. Taarifa haizuii hasara, ila humpa mtu muda wa kujipanga.

Mwajiri mdogo naye anastahili muda huo. Muuzaji akiondoka ghafla Oktoba, mvua zikianza na wakulima wakifuata mbegu na mbolea, duka hupoteza mauzo ya msimu mzima. Kama kazi mpya inaweza kusubiri, msimu umalizike kwanza.

Mwenye duka naye ana wajibu. Akipewa notisi, asimtimue mtu jioni ile. Wahesabu mali pamoja, wasaini daftari, amlipe mshahara na likizo anayodai, na ampe cheti cha utumishi. Waliobaki wanatazama. Wakiona mwenzao aliyesema ukweli amefukuzwa kama mwizi, siku yao ikifika hawatasema. Bosi atakuta duka limefungwa na funguo haijulikani ilipo.